Kuchora Ramani Ambayo Fundi Ataweza Kuijenga

Mama mmoja wa Mtopanga, hapa Mombasa, alikuja ofisini kwetu, ambako tunachora ramani za nyumba, na nyumba yake ikiwa tayari ndani ya simu. Mwanawe anayeishi Marekani alikuwa akiichora jioni baada ya kazi, kwa programu ya kubuni nyumba ambayo huko huuzwa kwa mtu yeyote, akamtumia mamake picha kwa WhatsApp: sebule yenye makochi meupe, jiko lenye meza katikati, jua linaingia dirishani. Pamoja na picha kulikuwa na PDF ya kurasa kadhaa. "Mwanangu," akaniambia, "ramani ishakwisha. Mimi nataka tu ipigwe muhuri nianze kujenga."

Kazi ya yule kijana naiheshimu hadi leo. Alikuwa amemfikiria mamake hasa. Chumba chake kilikuwa chini ili asihangaike na ngazi, vyumba vya wajukuu juu, jikoni kuna mlango wa kutokea uani. Kujua watu wataishi vipi ndani ya nyumba ndiyo sehemu ngumu, na alikuwa ameipata. Lakini nilipoanza kuisoma PDF kama atakavyoisoma fundi, ukurasa kwa ukurasa, niliona kwamba nyumba ile ilikuwa imechorwa kwa vitu ambavyo Mombasa hatujengei.

Nianze na ukuta, maana hapo ndipo nilipojifunza zaidi. Programu za Kimarekani za kuchora nyumba huja na ukuta wao tayari: mbao za kusimama, ndani gipsamu, nje mbao nyembamba au kitu kingine cha kufunika. Ukibonyeza na kuvuta, ukuta huo ndio unaotoka, hata kama hukuuomba. Wa ndani una unene wa kama inchi 4 na nusu, wa nje inchi 6 na ushei. Sisi huku tunajenga kwa mawe ya timboni, yale ya matumbawe, au kwa matofali ya saruji. Ukuta wa nje, wa jiwe la inchi 9, ukipigwa plasta pande zote mbili unafika inchi 10. Wa ndani, wa jiwe la inchi 6, unafika 7. Sasa pita katikati ya nyumba kutoka upande mmoja hadi wa pili: kuta mbili za nje, kuta mbili za ndani. Jumla ya tofauti ni futi nzima. Futi hiyo lazima itoke mahali. Ama nyumba inanenepa na kusogelea mpaka wa jirani, ama vyumba vinapungua. Kwenye kiwanja cha futi 40 kwa 80 kama kile cha mama, na nafasi ya pembeni inayotakiwa na kaunti, hakukuwa na pa kunenepea.

Hivyo kabla ya kugusa chumba chochote nilikaa nikaunda ukuta wetu ndani ya programu: plasta, jiwe, plasta. Programu nyingi nzuri zinakuruhusu, na zinakuuliza pia jambo ambalo watu wengi hulipita bila kulisoma: vipimo vihesabiwe kutoka tabaka lipi? Jibu langu siku zote ni jiwe. Fundi akiwa amesimama juu ya msingi na uzi mkononi, plasta bado haipo. Ukimwandikia kipimo cha kutoka plasta hadi plasta umempa hesabu ya kichwani, na hesabu hiyo ataifanya kwa kila ukuta, juani, huku vibarua wanamsubiri.

Mwenye nyumba naye anafikiria chumba kilichomalizika. Bafu la futi 4 kati ya jiwe na jiwe, ukitia plasta na tailsi pande mbili, linapoteza inchi mbili au zaidi. Kwa sebule hilo si kitu. Kwa bafu ambalo mlango wake unafunguka karibu na sinki, ni kitu kikubwa. Kwa hiyo kwenye vyumba vidogo, choo, bafu, stoo, ninaandika pia kipimo cha mwisho ndani ya mabano, na kabla ya kuchapa nakaa na mwenye nyumba tunapima sinki na kabati halisi, si zile zilizomo kwenye maktaba ya programu.

Kuna jambo la futi na milimita pia. Ramani zinazopelekwa kaunti huandikwa kwa milimita. Mafundi wetu wengi, hasa wazee, wanazungumza futi: chumba ni kumi kwa kumi na mbili, mlango ni futi tatu. Tepu ina pande zote mbili, lakini jicho huenda upande lilikozoea. Ukiandika 3,600, fundi anaiita futi kumi na mbili, na futi kumi na mbili ni 3,658. Vyumba vinne kwa mstari, umepoteza zaidi ya sentimita 20, na bado hakuna aliyekosea kwa makusudi. Fundi mmoja wa Kisauni, mtu aliyejenga kabla sijazaliwa, ndiye aliyenionyesha dawa yake. Aliniambia, "Binti, usinipe vipande. Nipe kona moja, halafu kila kitu unipimie kutoka kona hiyo." Maana yake, badala ya mnyororo wa vipimo vifupi vinavyofuatana, nimwekee vipimo vyote vinavyoanza sifuri kwenye kona moja ya nyumba: ukuta wa pili uko 3,200, wa tatu 6,750, na kadhalika. Kosa la kipande kimoja halimfuati hadi mwisho. Tangu siku hiyo ukurasa wangu wa msingi una vipimo vya namna hiyo peke yake. Vile ambavyo programu hujiandikia yenyewe, vimejaa kila pembe kama nzi, navifuta vyote na kuandika vyangu.

Urefu wa kuta kwenda juu ulinifundisha jambo jingine. Katika ile PDF dari ilikuwa futi 9, inchi 1 na sehemu moja ya nane. Kipimo cha ajabu, ila kwa Wamarekani kina sababu: mbao za kusimama huuzwa zikiwa zimekatwa tayari, ukiongeza zile za chini na juu unapata urefu huo kamili bila kukata kitu. Ni hesabu ya busara kabisa kwa anayejenga kwa mbao. Ukiigeuza ni milimita 2,772. Kwetu ukuta hupanda kwa kozi, yaani mstari mmoja wa mawe juu ya mwingine. Jiwe la milimita 200 na mota, saruji ya kuunganishia mawe, ya 20 ni kozi ya 220. Kozi kumi na mbili hazifiki 2,772, na kumi na tatu zinapita. Fundi atalazimika kukata mawe kuzunguka nyumba nzima, au atajenga kozi alizoona zinafaa bila kukuambia.

Kwa hiyo nilipanga nyumba ya mama kwa kozi. Kozi kumi hadi chini ya lenta, ile boriti ya juu ya milango na madirisha, yaani 2,200, ambapo mlango wa 2,100 pamoja na fremu unakaa vizuri ukishahesabu sakafu itakayomwagwa juu ya slabu, lile bamba la zege. Halafu ringi bimu, boriti ya zege inayozunguka kuta zote, ya kimo cha kozi moja. Halafu kozi tatu. Jumla 3,080. Juu yake slabu ya 150, inakuwa 3,230 kutoka sakafu hadi sakafu. Ukigawa kwa ngazi kumi na tisa, kila moja inapanda 170 kamili. Siku ile nilifurahi kweli, maana ngazi, mawe na milango vilikubaliana bila kulazimishwa. Programu haiwezi kukufanyia hilo. Inaweza kugawa urefu wowote utakaoipa na ikakuchorea ngazi safi, lakini haijui kama urefu wenyewe una maana kwa mtu mwenye jiwe mkononi.

Ngazi zina mtego mwingine mdogo. Programu inachora ngazi iliyomalizika, fundi anamwaga ngazi ya zege tupu. Sakafu ya chini ikija kuongezwa saruji na tailsi, ngazi ya kwanza inafupika. Ya juu kabisa nayo inategemea kitakachowekwa juu ya slabu. Mguu wa mtu huzoea kimo kimoja, na ngazi moja ikitofautiana ndiyo inayomwangusha mzee usiku umeme umekatika. Mimi nachora zege tupu, kisha pembeni naandika unene wa kitakachowekwa juu yake, chini, kati na juu.

Nije kwenye kaskazini. Katika programu nyingi mshale wa kaskazini ni pambo. Unaweza kuuzungusha au kuuacha, na nyumba inabaki ileile. Mombasa huwezi kuuacha, kwa sababu tatu.

Ya kwanza ni kibla. Makka na Mombasa ziko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo, sisi nyuzi 39.7 mashariki, wao 39.8. Kwa hiyo kibla chetu ni kaskazini, tofauti yake haifiki hata nusu ya digrii. Familia nyingi za Kiislamu hapa hazitaki anayekaa chooni aelekee kibla wala akipe mgongo. Yaani choo kikae mashariki-magharibi. Kwenye ramani ya kijana vyoo vyote viwili vilitazama kaskazini, kwa sababu mshale ulikuwa umeachwa kama programu ilivyouweka na kiwanja hakikuwa kimewekwa chini ya nyumba. Mama alipoelewa alishika kichwa. Kuzungusha choo kwenye skrini ni kubonyeza mara moja, lakini bomba la maji machafu linashuka kwingine, na chini yake kuna bimu ambayo haiwezi kutobolewa. Siku hizi swali hili naliuliza siku ya kwanza, kabla ya rangi na kabla ya idadi ya vyumba.

Ya pili ni jua. Mombasa iko nyuzi 4 kusini ya ikweta. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini, Disemba liko kusini, na Machi na Oktoba linapita utosini. Picha ya sebule niliyoonyeshwa ilikuwa na jua zuri la kusini, lile linalokuwa huko kwao mwaka mzima. Sweet Home 3D, programu ya kuchora nyumba ambayo ni ya bure na ndiyo ninayomwonyeshea mteja siku ya kwanza, ina dira ambayo unaiingizia latitudo na longitudo, kisha unachagua tarehe na saa ya picha. Niliiwekea Mombasa, nikachagua saa kumi jioni, mwezi wa Februari. Jua likapiga ukuta wote wa magharibi, pale pale kwenye kitanda cha mama. Hatukubishana tena kuhusu kibaraza cha upande ule.

Ya tatu ni upepo, nao programu hizi hazina habari nao kabisa. Kusi huja kutoka upande wa kusini kuanzia Aprili hivi, kaskazi hushuka kuanzia Disemba. Nyumba isiyo na dirisha la kuingizia na la kutolea kwa pande hizo inakuwa tanuri, na bili ya umeme inamfuata mwenye nyumba maisha yake yote. Hapa angalia pia aina ya dirisha. Yale ya alumini ya kuteleza yanafunguka nusu tu. Yakichorwa ya mita mbili, upepo unapata mita moja. Nilibadilisha ya vyumba vya kulala yakawa ya kufunguka kama mlango, na juu ya milango ya ndani nikaweka luva, vibao vya mshazari vinavyopitisha hewa. Maktaba ya programu haikuwa na luva niliyoitaka, nikaichora mwenyewe na kuihifadhi. Kidogo kidogo nimejijengea maktaba yangu: luva, grili, sinki la kufulia la uani, baraza la kukaa, tangi la plastiki.

Hilo tangi lina hadithi yake. Maji ya Mombasa hutoka mbali, Mzima, Marere, Baricho, na kwa mitaa mingi huja kwa zamu. Hakuna anayejenga bila tangi juu. Kwenye picha unaliburuta kutoka maktaba na kuliweka popote, halina uzito. Tangi la lita 5,000 likijaa ni tani 5, na mara nyingi watu huweka mawili. Ninachokifanya ni kuliweka mwanzoni kabisa, juu ya mahali ambapo nguzo zinashuka hadi msingini, na bafu la chini na la juu yakifuatana upande huohuo ili mabomba yasizunguke nyumba. Kisha nampelekea mhandisi alione kabla hajapiga hesabu zake. Kulichora mwishoni, slabu ikiwa imeshapigiwa hesabu, ni kumrudisha mhandisi mezani.

Na kuhusu mhandisi niseme wazi, kwa sababu programu zinawadanganya watu hapa bila kukusudia. Ukikata nyumba katikati ili kuona mkato wake, programu inakuchorea msingi. Una zege, una ukuta, unapendeza. Lakini ni msingi wa maktaba. Nyali unaweza kuchimba kidogo ukagonga mwamba wa matumbawe. Bamburi ukakuta mchanga. Ukivuka kwenda Changamwe na Mikindani ardhi ni ya namna nyingine, udongo wa mawe laini unaovimba na kusinyaa kwa maji. Msingi mmoja hauwezi kufaa kote huko. Kwenye kazi zangu mkato wa msingi unabaki na maneno "kama ilivyo kwenye michoro ya mhandisi" mpaka mhandisi atakapotoa yake, halafu ndipo ninaulinganisha. Sheria nayo iko hivyo: michoro ya kuombea kibali inahitaji msanifu majengo aliyesajiliwa chini ya Sura ya 525 ya sheria za Kenya na mhandisi aliyesajiliwa, na mradi wenyewe unasajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Kanuni za taifa za ujenzi za 2024 zimechukua nafasi ya zile za 1968. Programu iwe ya bei gani, haimpi mtu muhuri. Ndiyo maana mama hakupigiwa muhuri siku ile, na nilimweleza kwa nini nikiwa nimemkalisha na chai.

Baada ya yote hayo mtu anaweza kuuliza kwa nini nisirudi kwenye CAD ya mistari peke yake, yaani kuchora kwa kompyuta bila mfano wa nyumba. Nisingependa. Mfano wa nyumba nzima unaonyesha mambo ambayo mistari huyaficha: kichwa kinachogonga bimu ukishuka ngazi, paa mbili zinazokutana mahali ambapo maji hayana pa kwenda, mlango wa bafu unaozuia wa chumbani. Jedwali la milango na madirisha linajihesabu. Ukifuta dirisha moja linatoka kote. Na mwenye nyumba anaielewa nyumba yake. Mama wa Mtopanga hakuwahi kusoma ramani maishani, lakini alitembea ndani ya mfano kwa kidole, akasimama jikoni, akauliza, "Mbona nikiwa napika siwaoni wageni wakiingia?" Tukasogeza dirisha. Swali hilo lisingetoka kwenye karatasi ya mistari.

Kwa hiyo sasa kazi ninaigawa. Mteja na watoto wake, popote walipo, wachore watakavyo: vyumba, fanicha, nani analala wapi. Napenda wakinitumia hivyo, wakiandika na maneno pembeni. Mimi nachukua mawazo hayo na kuanza faili mpya yenye ukuta wetu, slabu yetu, kozi zetu na mshale uliosimama sawa. Kuirekebisha faili ya mteja ukuta kwa ukuta huchukua muda mrefu kuliko kuanza upya, na kila mara hubaki kipande cha nyumba ya zamani kimejificha mahali. Mchoro wa kwanza ninaoumaliza ni mkato wa ukuta mmoja wa nje kwa skeli ya 1:20, yaani mara ishirini mdogo kuliko ukuta wenyewe, kutoka msingini hadi ukingo wa paa, kila kozi ikionekana. Huo ukikubali, ramani za 1:100 zinafuata kwa urahisi.

Karatasi zinapofika kazini kuna mambo machache ninayoyashikilia. Nachapa kwenye karatasi za A3, maana A1, ambayo ni kubwa zaidi, inapeperushwa na upepo na kuchanika kwenye mikunjo. Kila ukurasa una mstari wa skeli uliochorwa, kwa sababu mtu akitoa kopi dukani karatasi hupungua na ile 1:100 iliyoandikwa inakuwa uongo, na chini kuna maneno makubwa ya Kiswahili: "Usipime kwenye karatasi, fuata namba." Maelezo yote ya fundi naandika kwa Kiswahili. Siku ya kuvuta uzi nakuwepo, tunakubaliana na fundi mkuu kwamba tepu leo inasomwa upande wa milimita, na kipimo cha kona hadi kona nakishika mwisho mmoja mwenyewe. Mabadiliko yakitokea, tarehe mpya inaingia kwenye jina la faili na kwenye kona ya karatasi, picha ya zamani naomba ifutwe kwenye simu za wote waliotumiwa, na karatasi ya zamani naichukua kwa mkono wangu kutoka kwenye kibanda cha saruji kabla sijaacha mpya.